Kambi ikiachwa, inabaki ya nani? Kisa cha Mackinnon Road

Kila msimu wa siasa kuna mtu husimama jukwaani akasema ati jeshi la kigeni likiondoka, ardhi itarudi kwa wenyeji. Haya, twendeni Mackinnon Road, kati ya Mombasa na Voi.

Ni 1947. Uingereza inatoka India na haina uhakika itakaa Misri hadi lini. Ikaanza kujenga bohari kubwa ya jeshi kando ya reli, huko kwenye Nyika ya Taru, ukame mtupu. Miaka michache tu, mpango ukatupwa.

Lakini kuachwa si kurudishwa. Kambi ilibaki mikononi mwa serikali ya kikoloni. 24 Aprili 1954, wanajeshi wakazingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kukamata maelfu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wakawekwa wapi? Baadhi hapo hapo Mackinnon Road, bila kesi, kwenye kambi iliyojengwa kuweka vifaa vya jeshi.

Kwa hivyo mkiahidiwa kambi itafungwa, ulizeni na swali la pili: hati ya ardhi itaandikwa jina la nani, na lini?