Muhogo wa Amani na Ufadhili wa Masomo

Mtu apitaye katika mashamba ya Junju hukuta muhogo kila upande. Akitazama kwa makini, huona majani mengine yamekunjamana na kutiwa madoa ya njano. Huo ndio ugonjwa wa batobato. Mkulima ameuona tangu utoto wake, na kitu kinachoonekana siku zote si rahisi kukiuliza asili yake. Lakini wako watu waliouliza. Nao waliweza kuuliza kwa sababu walilipwa mshahara, wakapewa nyumba na mashamba ya majaribio, wakaachwa miaka mingi watafute jibu. Katika historia ya chakula chetu husimuliwa habari za mvua na njaa, lakini habari za fedha za kutafutia elimu husimuliwa mara chache.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara, nyuma ya mji wa Tanga. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1928 akaja hapo mtaalamu H. H. Storey, ambaye alipokuwa Afrika Kusini alionyesha kwamba ugonjwa mmoja wa mahindi huchukuliwa na kidudu kirukacho kutoka jani hata jani. Yeye pamoja na R. F. W. Nichols wakaeleza mwaka 1938 kwamba batobato nayo huenezwa na wadudu wadogo, wale nzi weupe wakaao chini ya majani. Kisha wakafanya jambo la ajabu. Walichavusha muhogo kwa mti wa mpira wa Ceará, ambao ni jamaa yake, ingawa hauna mizizi iliwayo. Watoto wa ndoa ile walistahimili ugonjwa lakini hawakufaa chunguni. Basi wakachavushwa tena kwa muhogo, na tena, na mara ya tatu, mpaka mizizi ikarudi kuwa chakula. Katika miaka ya 1950 kazi ikaendelezwa na D. L. Jennings. Mche mmoja uliotokana na kazi hiyo uliandikwa 46106/27. Pwani ya Kenya tunauita Kaleso.

Sasa, msomaji kijana, yafaa uulize: watu wa namna hii walipatikanaje? Toka miaka ya 1920 serikali ya Uingereza ilitoa ufadhili kwa vijana waliokwisha kupata digrii. Aliyechaguliwa alilipiwa mwaka mmoja Cambridge na mwaka wa pili katika chuo cha kilimo cha nchi za joto kilichokuwa Trinidad, kisha akapelekwa kufanya kazi katika koloni. Ulikuwa mpango mzuri kwa waliouingia, nami siudharau, kwa kuwa tumekula matunda yake. Ila kijana wa Junju hakuwa na njia ya kuufikia. Chuo cha Egerton, kilichoanzishwa Njoro mwaka 1939, kilikuwa cha walowezi wa Kizungu; Mwafrika aliyetaka kusoma kilimo kwa kina alikwenda Makerere, na baada ya hapo njia ilikuwa nyembamba mno. Hata Amani kwenyewe, waliochimba mashimo na kupanda miche walikuwa Waafrika, lakini taarifa za kazi ile zina majina matatu au manne tu, yote ya Kizungu. Mwenye fedha ndiye aliyechagua swali. Muhogo ulipata bahati kwa kuwa serikali iliogopa njaa.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1959. Mwezi wa Septemba wanafunzi 81 waliruka kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake. Mwaka uo huo nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Oxford na kupatana juu ya ufadhili wa masomo, na wanafunzi wa kwanza wakaupata mwaka 1960. Baadaye ikaja mipango mingine ya utafiti wa kilimo hasa, mmoja wapo AWARD, ulioanza Nairobi mwaka 2008 kwa ajili ya wanasayansi wanawake wa Afrika, ambao humpa kila mmoja mtu mzima katika elimu wa kumshauri.

Maombi yenyewe si siri. Mwombaji hupeleka vyeti vyake, barua za waliomfundisha, na hesabu ya gharama. Waombaji wengi huwa na vyeti vizuri, kwa hiyo hivyo peke yake havimtengi mtu na mwenzake. Kurasa chache zilizobaki ndizo nzito: hapo mtu hueleza swali atakalolitafuta, kwa nini halijajibiwa, na atajuaje kwamba amelijibu. Wengi huandika kwamba wataondoa njaa Afrika. Hilo ni tamanio jema, lakini haliwezi kupimwa katika shamba la ekari moja kwa miaka mitatu.

Tuangalie swali lililopimika. Mtaalamu K. R. Bock alifanya kazi juu ya batobato katika pwani yetu hii, na matokeo yake yakachapishwa katika miaka ya 1980. Ilikwisha julikana kwamba nzi weupe hueneza ugonjwa. Yeye akauliza: katika pwani, ni kiasi gani cha ugonjwa huletwa na nzi, na kiasi gani huletwa na mkulima mwenyewe anapokata pingili za mti mgonjwa na kuzipanda? Pakapandwa pingili safi, na kila mche uliougua ukang'olewa. Ikaonekana kwamba nzi hueneza polepole, na sehemu kubwa ya ugonjwa hutoka katika pingili. Jibu hilo halikuhitaji dawa ya kununua. Mkulima wa Junju aweza kulitumia leo kwa macho yake na panga lake, akichagua mti wa kukata kabla ya mvua za masika.

Upo ugonjwa wa pili, mgumu zaidi: michirizi ya kahawia, ambayo Storey aliieleza mwaka 1936. Majani yaweza kuonekana mazima, na mkulima asijue neno hata siku ya kuchimba, akakuta mizizi imeoza ndani, mikavu na ya rangi ya kutu. Zamani ulidhaniwa kuwa wa pwani na nchi za chini tu. Toka mwaka 2004 ukaenea Uganda, katika nchi za juu. Watafiti walipotafuta muhogo wa kuustahimili, mmoja wa walioutegemea ni mti uitwao Namikonga huko Tanzania. Walipochunguza chembe za urithi, Namikonga na Kaleso yetu zikaonekana kuwa mti mmoja.

Mjini Kilifi, mahali palipokuwa na taasisi ya kilimo, pana Chuo Kikuu cha Pwani tangu mwaka 2013. Na Mtwapa kuna kituo cha serikali cha utafiti wa mazao. Kaleso ingali ikipandwa katika mashamba yaliyo kati yake.