Mifumo ya Kujiendesha ya Majengo katika Nyumba za Kulea Wazee

Mfumo wa kujiendesha wa jengo ni mtandao wa vihisi, vidhibiti na kompyuta unaosimamia joto, hewa, maji moto, taa, milango na kengele bila kumngoja mtu awashe au azime. Katika ofisi na hoteli, mfumo huu hununuliwa hasa kwa ajili ya kupunguza bili ya umeme. Katika nyumba za kulea wazee na wagonjwa wa muda mrefu hali ni nyingine kabisa. Wakazi wengi hawawezi kuinuka wakafungue dirisha, na baadhi yao, kwa uzee au maradhi ya kusahau, hawahisi kiu wala joto hata mwili unapozidiwa. Humo mfumo unagusa uhai.

Asili yake ni shuleni. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza ya themostati ya umeme. Kifaa chake cha mwanzo hakikuendesha kitu: joto la darasa likibadilika, kengele ililia kwenye chumba cha boila, na mtunza jengo akarekebisha. Kompyuta zilipoingia majengoni baadaye, kila mtengenezaji alikuja na lugha yake. Itifaki ya BACnet, iliyochapishwa Marekani mwaka 1995 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2003, ndiyo iliyowezesha boila ya kampuni moja kusikilizana na pampu ya nyingine. Ulaya, itifaki ya KNX nayo imeenea sana.

Jambo la kwanza ambalo mfumo hupimwa kwalo ni joto. Agosti 2003 wimbi la joto liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na baada ya hapo nyumba za wazee zililazimishwa kuwa na angalau chumba kimoja kilichopozwa. Marekani, kanuni za serikali kuu zinazitaka nyumba za uuguzi kudumisha kati ya nyuzi 22 na 27 za Selsiasi. Kihisi cha chumbani hupeleka kipimo kwa kidhibiti, kidhibiti huongeza au hupunguza maji baridi yanayopita kwenye kiyoyozi, na kipimo kikivuka mpaka, taarifa humfikia msimamizi wa zamu.

Hata hivyo, mfumo hauwezi kupoza jengo lisilo na umeme. Tarehe 10 Septemba 2017 kimbunga Irma kilipopita Florida, nyumba moja ya uuguzi katika mji wa Hollywood ilipoteza umeme uliolisha mtambo wake wa kupoza hewa. Taa ziliendelea kuwaka na soketi zilifanya kazi. Ni ule mtambo tu uliozimika, kwa kuwa haukuunganishwa na jenereta. Wafanyakazi waliweka feni na vipoza hewa vya kubebeka. Joto likazidi kupanda, hasa ghorofa ya juu, mpaka tarehe 13 wakazi zaidi ya 140 walipohamishwa. Vifo 12 vilihesabiwa kuwa vimesababishwa na joto hilo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali kubwa yenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Katika msiba huu, takwimu za joto zisingetosha hata zingekuwepo: palihitajika umeme wa akiba kwa kifaa sahihi, na mtu mwenye amri ya kusema, "Tunawahamisha sasa." Mwaka 2018 Florida ilitunga sheria inayozitaka nyumba za uuguzi ziweze kudumisha joto lisilozidi nyuzi 27 kwa saa 96 umeme unapokatika.

Maji moto yana hatari mbili zinazovutana. Bakteria wa Legionella, wanaoleta kichomi kikali, huzaliana vizuri katika maji ya nyuzi 20 hadi 45, kwa hiyo tangi huwekwa nyuzi 60. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi nyembamba ya mzee kwa sekunde chache. Ndiyo maana karibu na bomba hufungwa vali ya kuchanganya, inayoshusha joto kabla maji hayajatoka; Uingereza, maji ya kuogea kwenye beseni kubwa hayatakiwi kuzidi nyuzi 44. Vihisi kwenye bomba linalorudisha maji kwenye boila huonyesha sehemu zinazopoa, na mabomba ya vyumba visivyo na mkazi yanaweza kufunguliwa yenyewe kwa ratiba ili maji yasilale. Mwaka 2015 mlipuko wa kichomi hicho cha Legionella uliua watu 12 katika makao ya maveterani ya Quincy, jimbo la Illinois. Mpango wa kuokoa nishati unaoshusha joto la tangi usiku unaweza kupendeza kwenye bili, lakini haufai katika nyumba hizi.

Taa zina faida isiyopewa uzito wake. Mzee anayeamka usiku kwenda msalani yumo hatarini kuanguka. Anapoweka mguu sakafuni, kihisi chini ya kitanda huwasha utepe wa taa hafifu ya njano unaofuata ukuta hadi mlango wa choo. Taa kali ya dari ingemtia kiwi na kumkatia usingizi. Mchana ni kinyume chake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa kwa wakazi 189 wa nyumba 12, ulionyesha kwamba mwanga mkali wa mchana, wa laksi zipatazo 1,000 sebuleni, ulipunguza kwa kiasi dalili za sonona na kasi ya kuzorota kwa akili.

Milango ya wodi za wenye dimensia, yaani maradhi ya kusahau, hufungwa kwa kufuli za sumaku, nazo hazina budi kujifungua kengele ya moto inapolia. Vihisi vya kitanda na vya kuanguka huunganishwa na kengele ya kumwita mlezi. Hapa wingi wa vifaa huleta madhara: kengele zikilia kila dakika kwa mambo madogo, mlezi huacha kuzisikia. Kamera chumbani ni jambo la kuombewa ridhaa ya mkazi au familia yake, kwa maana hapo ni nyumbani kwake.

Katika nyumba hizi nchini Uingereza na Marekani wamo walezi wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo, na mara nyingi ndio wanaopokea taarifa za mfumo saa nane usiku. Mafunzo ya mfumo yasiishie kwa fundi wa mchana. Mlezi wa zamu ya usiku anapaswa kujua kengele ipi ina maana gani, anampigia nani, na ana ruhusa ya kufanya nini kabla huyo hajapokea. Na ndugu anayempeleka mzazi wake katika nyumba ya namna hii aulize maswali mawili kabla ya kutia saini: umeme ukikatika, ni vifaa gani vinavyobaki vikifanya kazi kwa jenereta, na mara ya mwisho jenereta hiyo ilijaribiwa lini ikiwa imebeba mzigo wote?