Taa za Krismasi Zilivyoingia Majumbani

Kabla ya umeme, mti wa Krismasi uliwaka kwa mishumaa. Wajerumani waliibana mishumaa midogo matawini, na katika karne ya 19 desturi hiyo ikaenea Uingereza na Marekani. Ulipendeza kweli, lakini mti uliokatwa hukauka upesi na kushika moto kwa urahisi. Ndiyo maana mishumaa iliwashwa kwa muda mfupi tu, ndoo ya maji ikiwa karibu.

Tarehe 22 Desemba 1882, Edward H. Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwaonyesha wageni wake jambo jipya sebuleni kwake New York. Mti wake ulikuwa na balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, zote zimeungwa kwa mkono. Uliwekwa juu ya kisanduku kilichozungushwa kwa umeme, na kadiri ulivyozunguka rangi moja ilizimika, nyingine ikawaka. William Croffut, mwandishi wa gazeti la Detroit, alivutiwa mno akausimulia kwa wasomaji wake.

Johnson anastahili sifa zake. Hata hivyo, jirani yake asingeweza kumuiga. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na aliyekuwa nao alihitaji fundi wa kumuungia balbu moja moja. Hata Rais Grover Cleveland wa Marekani alipoweka mti wa taa za umeme Ikulu miaka ya 1890, pambo hilo lilibaki la wenye nacho.

Kilichozifikisha taa hizi kwa watu wengi ni waya uliokwisha kuungwa. Mwaka 1903 kampuni ya General Electric ilianza kuuza seti za namna hiyo, na kazi ya fundi ikapungua. Seti nyingi za zamani zilikuwa na balbu nane zilizofuatana katika njia moja ya umeme, zikigawana volti 120, kila moja ikipata 15. Ikiungua moja, zote zinazimika! Mwenye nyumba akabaki kubadilisha balbu moja baada ya nyingine hadi aipate mbovu. Kero hiyo ilipungua zilipokuja seti ambazo kila balbu ina njia yake.

Ubunifu haukukoma. Mwaka 1946 kampuni ya NOMA ilileta sokoni Marekani taa za mapovu: kijibomba cha kioo chenye kimiminika kinachochemka kwa joto dogo la balbu iliyo chini yake.

Leo joto hilo karibu limetoweka kwa sababu ya taa za LED. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, iliyofungua njia ya LED nyeupe. Taa hizi hula umeme kidogo, na nyingine hutumia betri tu. Kwa hiyo mapambo yamehama mtini: waya mwembamba hukunjwa ndani ya chupa tupu, huzungushwa kwenye fremu ya kioo, hutandazwa nyuma ya pazia jepesi au kupitishwa ukingoni mwa rafu ya vitabu, hata pale pasipo na soketi.