Kumtumaini Mungu Bila Kumsemea

Ni nadra mazishi ya Kikristo, Tanzania au Kenya, yapite bila Ayubu 1:21 kutajwa, pale mtu aliyepoteza watoto na mali anapolihimidi jina la Bwana aliyetoa na kutwaa. Msomaji hufunga Biblia hapohapo. Angesonga mbele hadi sura ya 3 angemkuta Ayubu yuleyule akiilaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo lawama hazikomi kwa sura nyingi. Tumezoea kuyaona hayo kuwa udhaifu wa mtu aliyeanza vizuri. Mwisho wa kitabu unasema vingine: katika 42:7 Mungu anawakasirikia Elifazi na wenzake, rafiki za Ayubu waliomtetea Mungu kwa hoja zilizopangika, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu.

Kosa la rafiki hao halikuwa kukosa imani. Walikuwa nayo tele. Walichofanya ni kulisoma tukio na kudai wameona ndani yake nia ya Mungu: ukiteseka, umekosa. Hoja ya makala hii ni kwamba kumtumaini Mungu ni kukataa kusoma kwa namna hiyo, wakati wa msiba na wakati wa neema pia.

Upande wa neema ndio tusioushuku. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 haiwakumbushi Waisraeli njaa ya jangwani tu. Inawaonya zaidi juu ya shibe, nyumba nzuri na mifugo iliyoongezeka, kwa kuwa hapo ndipo moyo unapoinuka. Leo katika ibada zetu nyingi kipaza sauti hupewa aliyepata kazi, viza au mtoto. Shukrani ni haki yake. Lakini shuhuda zikiwa za waliofanikiwa peke yao, aliyeomba miaka mingi bila kupata anajifunza kwamba hana la kusimulia, au kwamba imani yake ina kasoro. Hiyo ni hoja ya Elifazi iliyovaa nguo za sikukuu.

Historia ya Kanisa katika pwani yetu inatupa mfano mgumu zaidi. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Julai mwaka huohuo Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na binti yao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Akiwaandikia wakuu wake, alilitaja kaburi la mkewe kuwa ishara kwamba kazi ya injili imeanza upande huu wa Afrika.

Je, naye hakufasiri? Alifasiri. Ila alilisema hilo juu ya kaburi la mkewe, yeye mwenyewe akiwa karibu na kifo. Sentensi ileile ikirudiwa na mtu aliyeketi salama London, akiitumia kuchangisha fedha, inakuwa kitu kingine kabisa. Tena Johannes Rebmann, mmisionari aliyeungana na Krapf mwaka 1846 huko Rabai, aliendelea na kazi hadi 1875, akaondoka karibu kipofu, na waongofu wake walikuwa wachache. Anayepima tumaini kwa matunda hana la kusema juu ya Rebmann.

Litakuja pingamizi la kichungaji: mjane anahitaji faraja, si mjadala, na “kazi ya Mungu haina makosa” imewashika wengi wasianguke. Sipingi. Mjane akiisema mwenyewe, hayo ni maungamo ya imani, na hakuna mwanateolojia mwenye haki ya kumsahihisha. Ninachopinga ni mhubiri kumtangulia na kuisema kwa niaba yake kabla hajalia. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila mstari hata mmoja wa ushindi, na bado iliwekwa katika kitabu cha sifa. Yesu msalabani, katika Marko 15:34, aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, kwa kuuliza sababu ya kuachwa. Liturujia ya maziko ingeweza kuzipa zaburi hizi nafasi kabla ya mahubiri, zisomwe na mmoja wa wafiwa akipenda, na mhubiri asiharakishwe kuzijibu.