Kirangozi na Mwenye Mali

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuelekea Tabora na Ujiji, kirangozi ndiye aliyetangulia. Aliijua njia, na mara nyingi alijitwika mzigo kama wapagazi wenzake. Bidhaa, hata hivyo, hazikuwa zake. Mwenye mali alifuata nyuma. Tofauti hiyo hunirudia kila nisomapo orodha za mataifa yanayosemwa kuwa yanaongoza dunia katika kukabili mabadiliko ya tabianchi.

Sizibezi sifa za wanaotajwa. Mwaka 1991 Denmark ilisimika mitambo 11 ya upepo baharini huko Vindeby, ya kwanza ya aina yake duniani. Uingereza ilitunga sheria ya tabianchi mwaka 2008, na tarehe 30 Septemba 2024 ikafunga Ratcliffe-on-Soar, kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe. (Cha kwanza kiliwashwa London mwaka 1882. Miaka 142 ya moshi, nasi twasifu siku ya kuzima!)

Lakini mwaka uleule wa 1991, Vanuatu, kwa niaba ya Muungano wa Nchi za Visiwa Vidogo, ilipeleka pendekezo katika mazungumzo ya mkataba wa tabianchi: mataifa ya viwanda yachangie mfuko wa bima, ili nchi zinazomezwa na bahari zilipwe hasara yao. Wazo hilo halikuzuka ghafla. Oktoba 1987 Rais Maumoon Abdul Gayoom wa Maldivi alikwisha kulionya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwamba bahari inayopanda yaweza kulifuta taifa lake. Novemba 1989 nchi za visiwa zikakutana Malé, na mwaka uliofuata muungano ukazaliwa; Komoro na Shelisheli, majirani wa pwani yetu, ni wanachama.

Mkataba wa 1992 uliitaja bima kwa neno tu, bila mfuko. Visiwa havikuchoka. Kikomo cha nyuzi 1.5 kiliingia katika Mkataba wa Paris wa 2015 kwa msukumo wao, ingawa uamuzi ulioambatana nao ulitamka wazi kuwa kifungu cha hasara na uharibifu hakiwi msingi wa madai ya fidia. Mfuko wenyewe ulikubaliwa Sharm el-Sheikh Novemba 2022, miaka 31 baada ya kuombwa, nao hautozi taifa lolote kwa lazima.

Kwa hiyo Vanuatu ikabadili njia. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walikuwa wamelianzisha wazo mwaka 2019: suala lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Machi 2023 Baraza Kuu lilikubali. Tarehe 23 Julai 2025, mjini The Hague, majaji walitoa maoni kwamba taifa linalokiuka wajibu wake wa kulinda tabianchi laweza kudaiwa fidia. Ndilo neno lililofungiwa mlango Paris.