Bingwa wa Nini? Mashindano ya Kufunga Msimu katika Soka la Wanawake wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Tarehe 4 Novemba 2018, mjini Cary katika jimbo la North Carolina, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Florida State iliifunga ya North Carolina mabao 3-2 na kutwaa kombe la Atlantic Coast Conference, ACC kwa kifupi. Tarehe 2 Desemba timu hizohizo zilikutana tena, katika uwanja uleule, safari hii kwa fainali ya taifa. Florida State ikashinda tena, 1-0. Hali kama hiyo ilikwisha kutokea miaka minne nyuma: mwaka 2014 Florida State iliishinda Virginia 1-0 kwenye fainali ya ACC, kisha ikaishinda kwa idadi ileile kwenye fainali ya taifa. Ukiutazama ule mchezo wa kwanza kwa jicho la mtaalamu wa michezo, ni vigumu kueleza kazi yake. Haukumwondoa yeyote katika mbio za ubingwa wa nchi. Uliyempa kombe na uliyemnyima waliendelea na safari moja.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mashindano haya ya kufunga msimu ni ya haki na ya lazima katika ligi ndogo za vyuo, lakini katika ligi kubwa yamebaki kuwa mzigo ambao wanafunzi wanaubeba kwa niaba ya watu wengine. Mjadala wa kawaida unazitia ligi zote katika kapu moja, na kwa sababu hiyo haufiki popote.

Mfumo wenyewe uko hivi. Divisheni ya kwanza ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ina timu za soka la wanawake zaidi ya 300, zilizogawanywa katika makundi yapatayo thelathini yanayoitwa konferensi. Kila konferensi huendesha ligi yake kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba, baada ya wiki chache za michezo ya nje ya ligi tangu Agosti. Kisha timu za juu huingia katika mtoano mfupi, na mshindi wa mtoano huo hupata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa. Mashindano ya taifa yalianza mwaka 1982 yakiwa na timu 12. Tangu 2001 yanachukua 64. Karibu nusu ya nafasi hizo ni za mabingwa wa konferensi, na zilizobaki hugawiwa na kamati inayopima rekodi za timu.

Katika upimaji huo ndipo tofauti ya wakubwa na wadogo inapojitokeza. Kwa miaka mingi kipimo kikuu cha kamati kilikuwa kielezo kinachojulikana kama RPI: robo yake ni kiwango cha ushindi wa timu yenyewe, nusu ni kiwango cha ushindi wa wapinzani wake, na robo ya mwisho ni cha wapinzani wa wapinzani hao. Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ya ligi ndogo imeshinda michezo yake yote, lakini wapinzani wake wameshinda asilimia 40 tu ya michezo yao, na wapinzani wa wapinzani asilimia 45. Kielezo chake ni 0.5625. Timu ya ligi kubwa imeshinda asilimia 60, wapinzani wake asilimia 65, na wapinzani wa wapinzani asilimia 55. Kielezo chake ni 0.6125. Aliyeshinda kila mchezo yuko nyuma ya aliyeshindwa mara kadhaa. Hakuna aliyefanya hila. Hesabu imepangwa kumtuza anayecheza na wakali, nayo kwa kiasi fulani ni busara, kwa kuwa kumfunga dhaifu hakuonyeshi mengi. Ila matokeo yake ni kwamba timu ya ligi ndogo haiwezi kujinasua kwa juhudi zake peke yake, kwa sababu robo tatu ya alama zake ziko miguuni mwa watu wengine.

Kwa timu kama hiyo, mtoano wa Novemba ndio mlango pekee. Msichana wa chuo kisichojulikana, katika ligi ambayo kamati haijawahi kuipa nafasi ya pili, anajua kwamba dakika tisini za fainali ndizo zitakazoamua kama atacheza soka la taifa hata mara moja maishani. Hapo mashindano yana uzito wa kweli. Yana pia ukali wake: aliyeongoza ligi kwa miezi miwili anaweza kutolewa mchana mmoja kwa mkwaju wa penalti, asiitwe tena popote. Na takwimu za NCAA huandika mchezo ulioamuliwa kwa penalti kuwa sare. Timu inaweza kukosa taifa kwa mchezo ambao vitabu vinasema haikuupoteza. Ukali huo unarekebishika, na konferensi nyingi ndogo zimejaribu kwa kumwachia aliyeongoza ligi acheze nyumbani, au aanzie nusu fainali.

Sasa turudi kwa wakubwa. ACC ilianzisha mashindano yake ya wanawake mwaka 1988. Kuanzia 2013 hadi 2023, kombe lilikwenda Florida State mara tisa na North Carolina mara mbili. Hakuna timu kati ya hizo ambayo ingeachwa nje ya mashindano ya taifa kwa kukosa kombe hilo. Wala kombe halitabiri yajayo kwa uhakika. Mwaka 2012 Virginia ndiyo iliyolichukua, lakini bingwa wa taifa akawa North Carolina, aliyeifunga Penn State 4-1. Mwaka 2022 Florida State iliifunga North Carolina 2-1 kwenye fainali ya ACC, kisha North Carolina ikalipa kisasi 3-2 katika nusu fainali ya taifa.

Na ni nani aliyeinyang'anya North Carolina ubingwa wa taifa mwaka huo? UCLA, iliyokuwa nyuma 2-0, ikasawazisha katika sekunde za mwisho na kushinda 3-2 katika dakika za nyongeza. UCLA ilitoka Pac-12, ligi ya pwani ya magharibi ambayo haikuwa na mashindano ya kufunga msimu katika soka la wanawake. Bingwa wake alikuwa aliyeongoza msimamo, basi. Ukosefu huo haukuwadhoofisha: kati ya mwaka 2016 na 2022, timu za Pac-12 zilitwaa ubingwa wa taifa mara nne katika misimu saba, USC mara moja, Stanford mara mbili na UCLA mara moja. Fainali ya 2017 ilikuwa kati ya Stanford na UCLA. Sidai kwamba kupumzika ndiko kulikowapa ushindi, kwani walikuwa na wachezaji bora na makocha bora. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: hoja kwamba timu kubwa inahitaji mtoano wa konferensi ili iwe tayari kwa taifa haina ushahidi wa kuisimamisha.

Gharama inalipwa na miili. Katika ligi kubwa wachezaji huingia uwanjani Alhamisi na Jumapili, wiki baada ya wiki. Nusu fainali na fainali za ACC hufuata mwendo huohuo, na siku chache baadaye taifa linaanza. Huko nako raundi ya pili na ya tatu zimekuwa zikichezwa Ijumaa na Jumapili. Inafahamika vyema katika tiba ya michezo kwamba wanawake wachezao soka hukatika kano ya goti, ile inayofunga mfupa wa paja na wa muundi, mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kupona kwake huchukua miezi. Watetezi wa mfumo hujibu kwamba sheria za vyuo zinaruhusu kubadilisha wachezaji wengi kuliko soka la kawaida. Ni kweli, na mawinga na washambuliaji wananufaika. Beki wa kati hapumziki. Kipa hapumziki. Na hawa ni wanafunzi ambao mitihani ya mwisho wa muhula inawangoja.

Jibu zito zaidi ni la furaha. Ligi ya kulipwa ya NWSL ilikuwa na timu 14 mwaka 2024, nao wachezaji wa divisheni ya kwanza ni maelfu. Kwa walio wengi, kombe la konferensi ni la mwisho watakaloweza kulinyanyua. Hoja hii naiheshimu, maana mchezo usio na furaha haustahili kutetewa. Lakini furaha hiyo haihitaji mtoano wa raundi tatu. Pac-12 nayo ilitoa kombe, kwa yule aliyelistahili kwa msimu mzima.

Pac-12 ya namna hiyo haipo tena. Mwaka 2024 ilisambaratika kwa sababu ya fedha za televisheni, ambazo katika michezo ya vyuo hufuata zaidi futiboli ya Kimarekani ya wanaume. UCLA na USC zikahamia Big Ten, Stanford na California zikaenda ACC, zote zikiwa ligi zenye mtoano wa kufunga msimu. Timu ya Stanford inayotaka kombe la konferensi yake sasa husafiri zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Pasifiki hadi Cary. Hakuna mchezaji wa soka aliyeulizwa. Hata Ivy League, iliyokuwa ikimpa kiongozi wa msimamo tiketi ya taifa, ilianzisha mtoano wake mwaka 2023. Mkondo wote unaelekea upande mmoja, na unawabeba wanawake kwa uamuzi uliofanywa kwa ajili ya mchezo mwingine.

Konferensi ambazo kwa desturi hupeleka timu tano au zaidi kwenye mashindano ya taifa zingeweza kumpa tiketi aliyeongoza ligi na, kama kombe lazima lishindaniwe, kuandaa mchezo mmoja tu kati ya wa kwanza na wa pili, katika uwanja wa wa kwanza, wiki nzima au zaidi kabla ya taifa. Ligi ndogo zibaki na mtoano wake, na NCAA igharimie safari za mtoano huo, kwa kuwa ni kipimo cha kamati kilichoufanya mlango huo kuwa mmoja.