Udogo wa Unix Si Jambo la Jana

Mfumo wa jamii ya Unix unapoonekana ukifanya kazi ndani ya chipu ya bei nafuu, wengi hudhani ni jitu lililokatwa miguu likaingizwa sandukuni. Historia inapinga dhana hiyo. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Ken Thompson aliiandika Unix kwa ajili ya PDP-7, mashine yenye maneno 8,192 ya biti 18 kila moja, takriban kilobaiti 18. PDP-11/20 iliyofuata ilikuwa na kilobaiti 24: 16 zilichukuliwa na mfumo, 8 wakaachiwa watumiaji, wakiwemo wapiga chapa wa idara ya hataza. Chipu ya PIC32 inayoendesha RetroBSD, mfumo wa jamii ya Unix, leo ina kilobaiti 128.

Ushahidi mzito zaidi umo katika utendaji. Kwenye PDP-7 mchakato mmoja ulikaa katika kumbukumbu na mingine ikangoja diskini. Kwa kuwa njia ya kuhamisha michakato ilikwishakuwepo, kuzaa mchakato mpya kulikuwa kazi nyepesi: nakala inapelekwa diskini, ile iliyobaki inaendelea kama mtoto. Dennis Ritchie, mwenzake Thompson, aliandika kwamba wito huo, fork, ulihitaji mistari 27 tu ya asembli. RetroBSD nayo huweka mchakato mmoja katika kumbukumbu, na mingine huihifadhi kwenye kadi ya SD. Ufinyu ndio ulioipa Unix umbo lake.

Mpinzani atasema Unix ya 1969 ilikuwa changa mno, kwani haikuandikwa upya kwa lugha ya C hadi 1973. Ni kweli, lakini RetroBSD inatokana na 2.11BSD ya 1991, toleo la Unix lililokomaa. Jaribio la Dmitry Grinberg la 2012, lililoiwasha Linux kwenye kichakataji cha biti 8 kwa takriban saa mbili, halisaidii upande wowote. Alikiigiza kichakataji cha ARM na kukiongezea kumbukumbu kutoka nje. Ni utani mtamu, ila ushahidi dhaifu.

Hoja ngumu inahusu uClinux, toleo la Linux lililoanza 1998 kwa vichakataji vya Motorola visivyo na kitengo cha kusimamia kumbukumbu. Huko fork haipo. Iliyopo ni vfork: mzazi husimama, mtoto akitumia kumbukumbu yake mpaka aanzishe programu nyingine au amalize. Programu yenye kasoro huweza kuharibu jirani zake, na programu zinazotegemea fork sharti zirekebishwe. Je, kosa ni la udogo wa mashine? Sidhani. PDP-11/20 nayo haikuwa na ulinzi wa kumbukumbu, na bado fork ilikuwepo, kwa sababu michakato ilipokezana mahali pamoja. Waundaji wa uClinux walitaka michakato mingi ikae katika kumbukumbu kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye anwani yake, na nakala iliyohamishiwa anwani nyingine hubaki na vielekezi vinavyoonyesha kule ilikotoka.